Nilidhani nimeishiwa, kumbe nilikuwa nakataa

Wasee, wacha nianze na ukweli ambao nimekuwa nikiuficha. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi Januari sikuposti kitu. Si ati nilikuwa bize, wala si ati simu iliharibika, vile niliwadanganya wengine wenu mliponitumia meseji. Simu ilikuwa nzima. Taa ilikuwa nzima. Bando ilikuwa. Mimi ndiye nilikuwa nimekwama.

Kila asubuhi nilikuwa naamka hapa Sofia, naosha uso, naweka simu kwa tripodi, nawasha taa, nafunga leso kichwani. Halafu nakaa. Dakika kumi. Nusu saa. Mdomo unafunguka, hakuna kinachotoka. Nafungua leso, nazima taa, naingia TikTok kuangalia wengine wakifanya ile kazi imenishinda. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu, karibu miezi minne.

Kwa mtu mwenye aliacha chuo kwa sababu ya hii kazi, hiyo si kukwama kidogo. Niliacha nikiwa mwaka wa pili. Mathe huuza omena Koginga, na karo yangu ilitoka kwa gorogoro moja moja. Siku niliyomwambia kwamba sirudi chuo, hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo kitu ya simu itakulisha?" Nikasema ndiyo. Kwa hivyo unaelewa. Kila asubuhi niliyokaa mbele ya taa bila kusema kitu, lile swali lilikuwa limekaa hapo kando yangu, linanitazama.

Sasa, ukisema umekwama, watu hukupa dawa za aina mbili.

Wa kwanza ni watu wa mzuka. Hao watakwambia tulia, sanaa haisukumwi, subiri mzuka urudi wenyewe. Wa pili ni wale wa motisha. Hao watakwambia mzuka ni kisingizio cha wavivu, amka saa kumi na moja alfajiri, kunywa maji moto, andika vitu vitano unavyoshukuru, posti mara tatu kwa siku utake usitake.

Nimejaribu zote mbili. Nilisubiri wiki sita, mzuka haukuja hata kusalimia. Kisha nikalazimisha wiki mbili. Nilirekodi video kumi na sikuposti hata moja, kwa sababu hata mimi mwenyewe sikuweza kuzitazama zikaisha.

Maoni yangu leo ni haya, na mnaweza kunipinga: hawa watu wote wanafanya kosa moja. Wanachukulia kukwama kama tenki iliyoisha mafuta. Mmoja anasema ngoja mafuta yaje, mwingine anasema sukuma gari. Hakuna anayekuuliza gari lilikuwa linaelekea wapi na kama wewe dereva bado unataka kufika huko. Kukwama kwangu hakukuwa kuishiwa. Kulikuwa kukataa. Kuna kitu ndani yangu kilikuwa kimegoma, na nilikaa miezi minne nikikitafutia dawa badala ya kukiuliza kinagomea nini.

Wacha niwaeleze vile ilianza.

Wengi wenu mlinijua kwa ile video ya mathe na Google. Kwa wale hawakuiona, ni hivi. Mathe alipopata simu yenye unaweza kuuliza kitu kwa sauti, alikuwa anaisalimia kwanza. Si mzaha. Anashika simu kwa mikono miwili, anaisogeza mdomoni, na anasema: "Habari ya asubuhi, Google. Watu wa kwenu wako salama? Haya, mimi niko tu. Sasa nauliza, omena Nairobi inauzwa pesa ngapi leo?" Na akishajibiwa, anasema asante, Mungu akubariki.

Nilifunga leso yake kichwani, nikaigiza hiyo kitu sekunde arobaini. Hiyo ilikuwa Machi. Nikalala. Nikaamka nimepata watazamaji elfu themanini. Kufikia wikendi ilikuwa zaidi ya laki nne. Watu wa Nairobi, Mombasa, mpaka wakenya wa Qatar walikuwa wananiandikia wakisema mama yao pia yuko hivyo.

Basi nikafanya nyingine. Mathe anaomba Google samahani kwa kuisumbua usiku. Mathe anaiuliza Google kama imekula. Mathe anaipeleka Google kanisani. Kwa miezi sita nilitoa kama kumi na saba, zote leso ile ile, sauti ile ile. Nilinunua taa. Nilinunua maikrofoni ya kubana kwa shati. Nilimlipia mathe gesi, na nikajiona nimejibu lile swali lake.

Halafu siku moja mwisho wa Septemba nikafunga leso na hakuna kitu kikatoka. Nyinyi mnajua kilichofuata.

Kitu ambacho sikuwa nimekiona, kwa sababu nilikuwa naangalia namba, ni hiki. Pale sokoni watu walikuwa wameanza kumsalimia mathe "Habari ya asubuhi, Google." Mwanzoni alicheka. Watoto wa shule wakaanza kupita kwa kibanda wakifanya ile sauti. Mteja ananunua gorogoro mbili na anataka kwanza mathe aongee na simu ndio arekodi. Na nyumbani, mathe alikuwa ameacha kuongea na simu nikiwa karibu. Nikiingia jikoni, kabla hajanijibu salamu, macho yake yanaenda kwa mikono yangu kwanza. Anaangalia kama nimeshika simu.

Nilikuwa nimeona hiyo. Siwezi kudanganya ati sikuona. Nilikuwa nimeona na nikaendelea.

Sasa twende Januari. Stima ilikuwa imepotea mtaani, nyumba ina joto, nikashuka Koginga kupata upepo. Ilikuwa usiku na mwezi umejaa kabisa, ziwa lote linang'aa mpaka unaona mitumbwi ufuoni kama ni mchana. Nikapata mzee mmoja mvuvi amekaa juu ya mtumbwi wake, ameweka wavu mapajani.

"Jaduong', leo hamwendi?"

"Twende wapi, nyathina? Huoni mwezi?"

Mimi ni mtoto wa muuza omena na nitakubali aibu hapa: sikuwa nimewahi kufikiria hiyo kitu vizuri. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanaenda ndani ya ziwa na taa. Zamani zilikuwa taa za mafuta ya kupampu, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa zinawekwa juu ya maji, omena wanafuata mwanga, wakishajaa wanazungushiwa wavu. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote lina mwanga. Taa yako haina kitu cha kuwaambia samaki. Omena wanatawanyika, na ukienda utachoma mafuta bure. Kwa hivyo kila mwezi kuna siku kadhaa, mwezi ukijaa, wavuvi wa omena hawaendi. Si uvivu, na hawajasahau kuvua. Wanajua tu usiku gani ni wa nini.

Nikamwambia, "Kumbe mnapumzika."

Huyo mzee alinicheka. "Huyu ati tunapumzika. Kaa hapo, shika huu upande."

Nilishika wavu karibu masaa mawili. Yeye anapitisha uzi, mimi navuta. Wavu wa omena una macho madogo sana, na ulikuwa umeraruka mahali pengi kuliko vile ungedhani ukiuangalia kwa mbali. Nikamuuliza mbona hawashoni mapema, siku zile wanatoka kazini. Akaniambia usiku wa giza mtu haoni palipotoboka, anaona samaki tu. Samaki wakiwa wengi hata hujui ni wangapi wanatoka kwa nyuma.

Halafu, bila kuinua macho, akauliza, "Wewe ndiye wa Google?"

Nikasema ndiyo.

"Mama yako alikuwa anaongea sana hapa ufuoni. Siku hizi anauza tu."

Hakuongeza kitu. Akaendelea kushona.

Wasee, nimesoma maoni mengi mabaya kwa hii kazi. Nimetukanwa na watu wenye hata hawana picha kwa akaunti. Hakuna kitu kimewahi kuniingia kama hayo maneno, na huyo mzee hakuwa hata ananigombeza.

Nilirudi nyumbani nikamngoja mathe mpaka asubuhi. Nikamwambia, "Mama, nataka tuongee juu ya ile video ya simu."

Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Uliniiga vizuri. Hata mimi nilicheka. Lakini hukuniambia kama nitachekwa na Kenya nzima."

Nikaomba msamaha. Akaniambia sawa, imepita. Ndipo nikamuuliza kitu ambacho, kwa video kumi na saba, sikuwa nimewahi kumuuliza: kwa nini alikuwa anaisalimia simu?

Akanitazama kama mimi ndiye mjinga kwa hii story, na ni kweli. "Sijui nani anasikia huko ndani. Hata kama hakuna mtu, ni mimi naingia kwa nyumba ya wengine nikitaka kitu. Utaingia kwa nyumba ya mtu uanze kuomba na hujasalimu? Watasema hukulelewa."

Hapo ndipo nilijua kwa nini nilikuwa nimekwama. Kwa miezi sita nilikuwa nimechukua sauti ya mathe, leso ya mathe, mikono ya mathe, na nikaacha ile kitu yenyewe. Nilidhani kichekesho ni mwanamke hajui simu. Kumbe kulikuwa na mtu anayekataa kuwa mkosa adabu hata mbele ya mashine. Hiyo ni story kubwa kuliko zangu zote kumi na saba, na ilikuwa jikoni kwetu wakati wote, hatua nne kutoka kwa tripodi.

Ndiyo maana nasema tuulize kabla ya kutafuta dawa. Mwili wangu ulikuwa umejua kitu ambacho kichwa kilikuwa kinakimbia. Ningelazimisha, ningetoa video ya kumi na nane, pengine ingeenda mbali pia, na mathe angenyamaza zaidi. Ningesubiri mzuka, ningekuwa bado nangoja.

Lakini utajuaje kama kukwama kwako ni kukataa, ama ni uvivu tu? Swali nzuri, kwa sababu wengi wetu ni wavivu na tunapenda kuita uvivu majina makubwa.

Mimi sasa hutumia jaribio moja. Angalia kama umekwama kila mahali ama umekwama mahali pamoja. Ile miezi minne, kodi ya nyumba haikunisubiri. Nilikuwa naenda kushika kamera kwa matanga. Wale mko pande hii mnajua, siku hizi familia nyingi zina watu Nairobi na ng'ambo ambao hawawezi kufika, kwa hivyo mazishi yanarushwa moja kwa moja mtandaoni, na lazima kuwe na kijana wa kamera. Huko mikono yangu ilifanya kazi vizuri kabisa. Nilijua nisimame wapi, nisogee lini, nimwache lini mama mwenye msiba alie bila kamera usoni pake. Sikukwama hata siku moja. Nilikuwa nakwama nikifunga leso tu. Hapo ningejua mapema, lakini sikuwa naangalia.

Kwa hivyo kama unachora na umekwama, jaribu kuchora kitu kingine kabisa. Kama unaimba, imba wimbo wa mtu mwingine ukiosha vyombo. Mkono ukifanya kazi kwingine, basi kipaji kiko, na ule mlango uliofungwa una sababu. Uliza sababu. Mkono ukikataa kila kitu kwa sababu tu Netflix ni tamu, omera, huo ni usiku wa giza na wewe umelala. Amka uende ziwani.

Na kama umekwama kwa kila kitu mpaka kula, mpaka kulala, mpaka kuoga, hiyo si mambo ya sanaa tena. Hiyo ni afya. Usiandike shukrani tano, tafuta mtu uongee naye, na kama kuna kliniki karibu nenda. Hakuna aibu hapo.

Kuna kitu kingine kinatukwamisha, na hiki nimekiona kwa marafiki wengi wanaofanya muziki na kontenti: tunaogopa kurudia. Tunataka kila siku kitu hakijawahi kuonekana duniani. Ukipata wazo, unaingia mtandaoni, unakuta mtu wa Lagos amelifanya jana, unalitupa. Mwisho unabaki mikono mitupu na unaita hiyo kukwama.

Kwa matanga mamoja mwezi wa Novemba kulikuwa na mzee anapiga nyatiti. Nyatiti ina nyuzi nane tu. Huyo mzee alizunguka kwa mapigo yale yale usiku kucha, anabadilisha maneno kidogo, anataja aliyekufa, anataja ukoo, anarudi pale pale. Hakuna aliyechoka. Mimi na kamera yangu ndio tulichoka. Nikaenda nyumbani nikaanza kusikiza watu wa nyatiti, na nikafika kwa Ayub Ogada.

Labda jina hulijui, lakini wimbo wake unaujua. Unaitwa "Kothbiro", yaani mvua inakuja. Jina lake la kwanza lilikuwa Job Seda, na huo wimbo aliufanya miaka ya 1970 akiwa na bendi ya Black Savage, na magitaa. Baadaye akaenda Uingereza, akapiga nyatiti barabarani kama wale wanaotandika kofia chini wapewe sarafu. Mwaka 1993 albamu yake "En Mana Kuoyo" ikatoka, na "Kothbiro" imo, sasa ikiwa ya nyatiti, polepole. Mwaka 2005 ikaingia kwa filamu ya "The Constant Gardener". Mwaka 2018 Kanye West akachukua ile ya zamani ya Black Savage akaitumia kwa "Yikes". Ayub akafariki mwaka uliofuata, Februari 2019.

Wimbo mmoja. Miaka kama arobaini. Na mimi nilirudia kitu kimoja miezi sita nikaishiwa pumzi. Tofauti iko wapi?

Mimi nilikuwa natoa fotokopi. Kila nakala ilikuwa hafifu kuliko ile iliyotangulia. Yeye alipourudia ule wimbo alitoa magitaa, akaweka nyuzi nane, akapunguza mwendo mpaka ukawa kitu kingine. Kurudia hakujawahi kuwa dhambi. Hata wavuvi hurudi ziwa lile lile kila usiku wa giza na hakuna mtu huwaambia wabadilishe ziwa. Ukiona umechoka na kitu chako, pengine hujakichimba, umekikwangua tu juu.

Najua mtu fulani hapa anasema: ndugu, hiyo yote ni sawa, lakini mimi nakula kwa hii kazi, sina nafasi ya kukaa ufuoni nikishona wavu na wazee. Nakuelewa kabisa. Hii kazi haina huruma. YouTube inataka wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12 ndio uanze kupata sehemu ya pesa za matangazo, na ukinyamaza hayo masaa hayakungoji. Serikali nayo, tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, inakata kodi ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza kontenti. Kwa hivyo hata wao wanajua ni kazi, ni mathe tu bado anaiita kitu ya simu.

Na mimi sitawadanganya ati nilirudi nikapokelewa na maua. Video yangu ya kwanza baada ya kurudi ilitazamwa na watu mia tisa. Zile za leso hazikuwa zinashuka chini ya elfu arobaini. Niliumia. Kuna siku nimefungua sanduku nikaangalia ile leso.

Lakini rudi kwa wavuvi. Usiku wa mwezi haumletei mvuvi wa omena pesa, na bado nyumbani kwake watu wanakula, kwa sababu anajua mwezi unakuja. Haumpati ghafla. Sisi tunaishi kama kila usiku ni wa giza. Tukipata pesa ya video moja, tunanunua taa kubwa zaidi. Kwa hivyo kitu cha kwanza ninachowaambia wadogo zangu kwa hii kazi si juu ya mawazo hata kidogo. Ni: kuwa na kazi nyingine ya mikono inayotumia ujuzi ule ule, matanga, harusi, picha za paspoti, chochote. Rekodi video mbili tatu za akiba wakati mambo ni mazuri. Weka kitu kwa chama. Ukikwama na kodi imelipwa, utaweza kusikia kile kinachokukwamisha. Ukikwama na mwenye nyumba yuko mlangoni, utafunga leso tu.

Kitu cha pili ni kuuliza. Kama kontenti yako inatoka kwa watu, na karibu zote zinatoka kwa watu, waulize. Mama yako, jirani yako, konda wa matatu unayemuiga, mwalimu wenu wa hesabu. Waulize kama ni sawa, halafu waulize kwa nini wanafanya vile wanafanya. Swali la kwanza ni adabu. La pili ni dawa ya kukwama, kwa sababu jibu la "kwa nini" huwa halifanani na lile ulilokuwa umejiandalia kichwani. Tangu Januari sijawahi kukosa cha kufanya. Napungukiwa na bando, lakini si mawazo.

Ile video ya watu mia tisa ilikuwa ya mikono ya yule mzee akishona wavu na kueleza mambo ya mwezi. Nilimuomba ruhusa. Alikubali, lakini akasema uso usionekane kwa sababu hakuwa amenyoa. Mathe aliitazama mara mbili. Aliniuliza, "Kichwa chake kiko wapi?" Nikamweleza. Akacheka kama zamani, ile kicheko ya ufuoni. Wasee, sina namba ya kulinganisha na hiyo.

Na kabla hujauliza: ndiyo, hii yote nimemsomea mathe kabla ya kuiposti. Alinikalisha kwa kiti, akasikiliza mpaka mwisho, akatoa sehemu mbili. Sitawaambia ni gani. Ile ya Google alisema niiwache, watu wameshaiona, lakini ingine yoyote nimuulize kwanza.

Jana jioni nikiwa nje nafua, nilimsikia jikoni akiuliza simu bei ya omena Kisumu. Alianza na habari ya jioni, akauliza watu wa huko wameshindaje. Simu yangu ilikuwa mfukoni, imejaa chaji.

Niliendelea kufua.